Gari la Bosi

Karani wa usajili wa magari alikuwa amevua viatu chini ya meza, maana kiyoyozi kilikuwa kimeharibika. Alimtazama msichana aliyevaa sare ya shule, akamtazama na baba yake mdogo.

"Kumiliki gari anaruhusiwa," alisema, kwa sauti ya mtu aliyechoka kulisema jambo hilo. "Kuendesha, mpaka apate leseni. Na kwa kuwa bado ni mtoto, anasaini msimamizi."

"Msimamizi ni mimi," alisema baba mdogo. Kalamu alikuwa nayo tayari.

Gari la marehemu baba yake likaandikwa jina la msichana, kama marehemu alivyotaka, na funguo zikaingia mfukoni mwa baba mdogo. Walipotoka nje alimfungulia msichana mlango wa nyuma, akainama kwa mzaha. "Karibu, Bosi." Jina likamganda.

Kesho yake baba mdogo alitaka kulitia gari kwenye biashara ya teksi, lakini halikuwaka. Fundi aliitwa, akasafisha plagi, akabadilisha betri, akakaa chini. Bosi akaja kuchukua daftari alilolisahau kiti cha nyuma. Alipoketi, injini ikanguruma. Alipotoka, ikazima. Fundi alifuta mikono kwa kitambaa.

"Gari halina ugonjwa. Linamtaka mwenyewe."

"Basi awe anakaa ndani," alisema baba mdogo.

Mama yake Bosi alipoambiwa, aliuliza tu mtoto atakuwa anakula saa ngapi. Angesema nini tena? Nyumba waliyokaa ilikuwa ya shemeji yake.

Haki ya Mungu, baba mdogo hakumkatalia mtoto shule. Kila asubuhi alimpeleka mpaka getini. Bosi alishuka, gari likazima palepale katikati ya njia, na madereva waliokuwa nyuma wakaanza kupiga honi na kutukana.

"Hebu rudi kidogo nilitoe njiani," alisema baba mdogo. Kidogo hicho kilifika mpaka magharibi. Wateja walizoea kumkuta kiti cha nyuma. Walimsalimia, wakampa na mizigo yao apakate.

"Nikipata leseni nitaliendesha mwenyewe," alisema Bosi siku moja.

"Kwani nani kakukataza?" Baba mdogo alishangaa kwa dhati. "Gari si lako?"

Asubuhi moja walipokuwa njiani kwenda shule, mwalimu wake wa hesabu alisimamisha teksi akiwa na bunda la karatasi za mtihani. Alikuwa amechelewa. Aliingia nyuma, akaliweka bunda mapajani mwa Bosi.

"Jana tena hukuja."

"Nilikuja, mwalimu. Nilifika mpaka getini."

Mwalimu alitazama saa yake. Karatasi ya juu ilikuwa na maswali, na Bosi aliyasoma yote njia nzima. La tatu alilijua.

Walipofika, mwalimu alichukua karatasi zake, akashuka, akauacha mlango wazi. Kengele ilikuwa inalia. Bosi alitoa mguu mmoja, ukakanyaga chini, na injini ikazima. Nyuma honi zikaanza.

"Bosi," alisema baba mdogo bila kugeuka, "funga mlango."

Mwalimu alikuwa ameshaingia getini. Bosi akarudisha mguu, akafunga mlango, na gari lake likawaka.