Mgongo wa Mama Mkubwa

Mimi na maji hatupatani. Nalisema mapema ili mtu asije akaniuliza nilitafuta nini kwenye meli. Nina karakana yangu ya kushona pale Kampemba, Lubumbashi, na wateja wenye midomo mirefu, na maji ninayoyajua ni ya ndoo na yale ya mvua yanayovuja kwenye bati. Lakini mdogo wangu Aristote, aliyepandishwa cheo mgodini, aliamua kumpeleka mama matembezini. Mama ana miaka sabini na mitatu, haachwi aende peke yake. Wakatafuta mtu wa kumsindikiza, na bila hata kuniuliza, mtu huyo nikawa mimi.

Matembezi yenyewe yalikuwa siku nne kwenye meli ndogo iitwayo Mapalo: kutoka Kasenga, kushuka mto Luapula, kuingia ziwa Moero, kupita Kilwa na kuishia Pweto. Tungeona miji ya zamani ya kandokando ya maji, viboko, mamba, na ndege wa kila rangi. Nilikuwa na hakika mama atakataa. Yeye ni mtu wa shamba lake la Kasungami. Hata kwenda mjini kununua viatu anaona ni kuharibu siku. Aristote alipompa karatasi yenye picha na majina ya vituo, aliisoma polepole, kidole kikifuata mistari, mpaka kikasimama mahali. Akaikunja.

"Ntaenda," akasema. "Julienne, unitafutie valizi."

Nilimtazama Aristote, naye akanitazama. Mama hajawahi kukubali kitu chochote kwa haraka namna ile.

Watu wa Lubumbashi tunaijua Kasenga kwa mdomo kuliko kwa macho: samaki tunakula kila wiki, mji wenyewe hatujawahi kuuona. Nahodha wetu, Faustin, ndiye pia aliyekuwa mwongozaji wetu, na alikuwa na sauti ya kuhubiri. Alitutembeza kwenye maghala ya Wagiriki waliofanya biashara ya samaki zamani zile, kuta nene, madirisha bila vioo, mbuzi wakilala ndani. Meli yake pia ilikuwa ya mchuuzi wa samaki kabla hajaitia vyumba vya mbao na sitaha ya juu yenye viti. Jua likipanda, ilikumbuka kazi yake ya zamani, na sote tulinusa.

Mtoni tukaona viboko. Abiria wenzetu walikimbilia upande mmoja na simu zao, meli ikainama, mimi nikashika nguzo nikaita watakatifu wote wa parokia yetu. Mama hakuinuka. Alikuwa anamenya karanga.

"Hawa njo balikulaka mihogo ya tata yangu," akasema, akimkumbuka baba yake. "Bapige picha, mi nabajua."

Jioni, jua likiwa bado juu ya mafunjo, tulikaa sitahani tukila samaki na bukari, ugali wetu. Furukombe alilia juu ya mti mkavu, Faustin akatueleza habari zake kwa kirefu. Alipomaliza, mama alifungua valizi yake, begi la safari alilokuwa amelikalia tangu asubuhi, akatoa kitenge kipya, kizito, cha bluu chenye maua ya njano.

"Ni ya nani?" nikamuuliza.

"Ya Yaya Mwaba. Eko ku Kalonde. Kesho kutwa meli itasimama kule, njo maana nilikubali."

Nilijua kwamba mama ana yaya, yaani dada mkubwa, ziwani. Sikujua zaidi ya hapo. Ndipo aliponieleza, bila kupamba. Mimi nilizaliwa Kalonde, baba akiwa Lubumbashi kwenye kazi ya reli. Baada ya kunizaa, mama alishikwa na homa, maziwa yakakauka, na watu wakaanza kusema kwa sauti ya chini. Yaya Mwaba alikuwa na mtoto wake mchanga, Kangwa. Alinichukua, akaninyonyesha pamoja naye msimu mzima wa mvua, mmoja kifuani, mmoja mgongoni, huku akianika samaki. Mama alipopona na kunichukua tena, baba akatuma habari aje haraka, na kamioni ya samaki ilikuwa inaondoka asubuhi ileile. Mama alimtafuta dada yake pwani yote. Hakumwona. Kamioni haikungoja.

"Kwetu, mutoto akinyonya kwa mwengine, mama yake anarudisha nguo ya kubebea," akasema. "Anaipeleka na mikono yake. Haitumwake. Sikurudisha, Julienne. Hata aksanti sikusema."

"Miaka yote ile, Mama?"

"Nilizaa bengine saba. Tata yako akagonjwa. Kisha vita ku Pweto. Kisha barabara." Alikipapasa kitenge. "Hii ni ya tatu. Ya kwanza ilikuliwa na panya. Ya pili njo nilimufunika nayo tata yako mu sanduku. Yaya hana telefone, na mi nimezeeka. Nikikufa bila kumuonyesha uso, nitamwambia nini kule juu?"

Mimi niliyelalamika tangu Lubumbashi kuhusu godoro, mbu na choo cha meli, niliona haya. Nilikuwa mzima, mwenye meno yangu na ulimi wangu mkali, kwa sababu ya mwanamke nisiyejua hata sura yake.

Siku iliyofuata tuliingia ziwani, tukapita Kilwa. Faustin alionyesha bandari, kanisa, nyumba za wakoloni zilizoota nyasi juu ya paa. Ninakumbuka kidogo sana. Mama alikuwa anafanya mazoezi ya maneno yake, midomo ikicheza, na mimi nilikuwa nikimsikiliza yeye.

Kalonde, tulikofika siku ya tatu, ni kijiji cha wavuvi, na pembeni yake kuna bwawa la matete ambalo ndege wanalipenda. Ndiyo sababu meli husimama pale. Hakuna gati. Meli hutia nanga mbali, mtumbwi unakuleta mpaka unapokwama kwenye tope, halafu mabaharia wanakubeba mgongoni hadi nchi kavu. Mama alibebwa, ameketi wima kama askofu. Mimi nilikataa.

"Mi si gunia ya makala," nikamwambia baharia. Nikashuka mwenyewe, nikakanyaga shimo, nikazama mpaka kiunoni. Kijiji kizima kilipata la kucheka kabla hata hatujasalimiana.

Mwanamke mmoja alikuwa anaanika dagaa juu ya mchanga. Mama alimsalimia, akamuuliza kama anamjua Mwaba.

"Mama Mwaba? Eko," akajibu. "Alienda kutosha nyavu mu maji. Anakuya sasa hivi."

Mama alinishika mkono kwa nguvu. "Eko muzima?"

"Muzima kabisa! Jana tu alikuwa anagombana na bale banaouza barafu."

Mama akacheka kwa sauti, kicheko ambacho sijakisikia tangu baba afariki. "Njo ye! Yaya na magomvi, tangu zamani!" Akaomba maji, akanawa uso, akafunga kilemba upya, akaniambia nisimame vizuri na nifunge mdomo. Nilikamua maji kwenye sketi yangu. Moyoni nilimshukuru Aristote, nikamshukuru Faustin na meli yake yenye harufu, nikamshukuru hata yule baharia niliyemtukana.

Aliyekuja alikuwa msichana. Labda miaka ishirini na mitano, mabega mapana, nguo imelowa, wavu begani. "Munanitafuta?" akauliza.

Mama alitazama nyuma ya msichana, kama kuna mtu mwingine anakuja.

"Njo ye," akasema yule wa dagaa. "Mama Mwaba."

Damu ilinipanda. "Munatuchezea? Mama yangu ametoka Lubumbashi na mwili ya buzee, mwe munamuleteya katoto?"

Yule wa dagaa hakukasirika. Alitueleza taratibu, kama mtu anavyowaeleza wageni. Yaya Mwaba alikufa miaka miwili iliyopita. Baada ya matanga, ukoo ulimketisha mjukuu wake Chancelvie juu ya mkeka, wakamvika ushanga wa marehemu, wakampa jina, na pamoja na jina wakampa nafasi yake na habari zote na maneno yote ambayo marehemu alimwachia ayaseme. Tangu siku ile yeye ndiye Mwaba. Kangwa, mama yake mzazi, naye humwita mama. Kwa hiyo ukija Kalonde kuuliza Mwaba, utajibiwa ukweli: yuko, mzima kabisa.

Mama aliijua desturi hiyo. Alikua nayo. Lakini ameishi mjini miaka mingi, kule tunakozika mtu, tunagawana masufuria, tunatawanyika. Na alitaka sana dada yake awe hai. Alikaa chini mchangani na kitenge mapajani. Hakulia. Afadhali angelia.

"Mama," nikamnong'oneza, "tukaiweke ku kaburi, kisha twende."

Hakunisikia. Msichana alitua wavu wake, akanipima kwa macho kutoka miguuni hadi kichwani.

"Na huyu munene hivi, njo Julienne? Ule nilinyonyesha pamoja na Kangwa? Vraiment, kweli, maziwa yangu haikupotea. Lakini unakuya kunisalimia na mikono tupu?"

"Weye!" nikafoka. "Katoto ka juzi, umenyonyesha nani?"

"Julienne!"

Sauti ya mama ilikuwa ile ya zamani, ya tulipokuwa wadogo na tumevunja sahani. "Unasema na nani bile?"

Mama alikuwa amekwisha piga magoti. Mama yangu, na magoti yake mabovu, mbele ya msichana wa umri wa wajukuu wake. Alikunja viganja, akapiga makofi taratibu, kama wanawake wa Luapula wanavyomsalimia mkubwa wao.

"Yaya," akasema. "Mi nimerudi."

Utani ulimtoka yule msichana usoni. Alikaa chini, akanyoosha mgongo, akafungua mikono miwili. Sijui namna ya kueleza. Alikuwa kijana yuleyule, lakini alikaa kama mtu mwenye umri. Mama akaweka kitenge mikononi mwake.

"Hii ni nguo ya mugongo. Ulinipa mutoto wangu na mi sikukupa kintu. Ile asubui nilikutafuta ku maji yote, Yaya. Nilipanda kamioni bila kukuona. Usiseme nilikusahau. Aksanti. Aksanti juu ya Julienne."

Msichana alijibu polepole, kwa maneno aliyokabidhiwa.

"Ulikawia, mudogo yangu. Lakini sikukukasirikia hata siku moja. Ile asubui nilikuwa mu matete. Nilikuona unanitafuta. Nilijificha sababu nilijua, mutoto akiniona atalia, na weye utalia, na hautapanda. Na bwana yako alikuwa anakungojea. Nilibaki mule mpaka kamioni ikapotea. Kisha njo nililia."

Miaka hamsini mama aliamini kwamba aliondoka bila kuagwa. Kumbe aliagwa, na macho ya dada yake yalimsindikiza mpaka mwisho wa barabara. Alilaza kichwa kwenye mapaja ya yule msichana, akalia kilio kizuri, cha kutua mzigo, na msichana alimpapasa mgongo akisema, "Basi, mudogo yangu. Basi." Yule wa dagaa alifuta macho kwa mkono wenye magamba. Mimi nilitazama ziwa, kwa sababu mtu mwenye ulimi kama wangu hapendi kuonekana akilainika.

Walikaa pamoja mpaka abiria wengine waliporudi kutoka kutazama ndege. Faustin akapiga honi. Upepo ulikuwa umeanza, mawimbi yamepanda, mtumbwi sasa ulikuwa unayumba mbali zaidi ya asubuhi. Baharia alimbeba mama, akarudi kunichukua. Nikamwambia nitatembea. Nikatazama maji. Nikatazama tena.

"Kuya," sauti ikasema nyuma yangu.

Msichana alikuwa ameshakunjua kitenge cha bluu. Aligeuka, akainama, akanipa mgongo.

"Hapana," nikasema. "Quand même! Mi niko muzito. Nitakuvunja."

"Nilikubeba na Kangwa mbele," akajibu. "Leo uko weye peke."

Wanawake wa Kalonde walikuwa wameacha dagaa zao ili waone. Kule kwenye mtumbwi mama alikuwa amesimama, Faustin akimshikilia asianguke, na hakuwa anacheka. Alikuwa anangoja.

Nikapanda. Mwanamke wa miaka hamsini na mmoja, mwenye karakana, mwenye wajukuu wawili. Alikizungusha kitenge, hakikutosha, mwenzake akaja kusaidia kukivuta, wakakifunga fundo kifuani pake hata hivyo. Kisha akaingia majini, hatua kwa hatua, miguu ikitafuta chini. Mgongo wake ulikuwa na joto, umelowa, unanuka samaki na moshi. Nililaza shavu langu hapo. Sikujua kwamba ninalia mpaka nilipoonja chumvi, na ziwa lile halina chumvi.

"Aksanti, mama mukubwa," nikasema.

"Usicheze-cheze," akasema, akihema. "Tutaanguka bote."

Nikatulia.