Salamu za Makarius

Kila asubuhi Stumai aliketi kwenye kigoda mlangoni kwake, Makere, akiambua maharage mabichi bila kutazama mikono. Macho yalikuwa kwenye mpaka: safu ya minyaa aliyoipanda marehemu mumewe, Benedicto, kutenga shamba lao na la jirani, Makarius.

Minyaa hiyo ilikuwa ikitembea. Ikitazamwa, ilitulia. Jicho likiondoka, ilichomoa mizizi, ikapiga hatua kuingia kwa Stumai, ikasimama tena, utomvu ukitiririka kama jasho. Kitongoji kizima kilijua. Stumai peke yake ndiye aliyekaa akatazama.

Makarius naye akajua pa kupitia.

"Mwakeye, mama Yusta!" alimwamkia Stumai.

Kwa Waha, mwanamke akisalimiwa na mzee huweka chini alichoshika, huinama na kupiga makofi polepole, macho ardhini. Na salamu za Makarius hazikuwa fupi. Aliuliza mbuzi, akauliza kikohozi, akauliza mvua ya Kakonko. Nyuma yake mizizi ilikuwa ikichomoka. Stumai alipoinua macho, tuta jingine la maharage lilikuwa la Makarius.

"Yule mzee ana adabu," watu walisema.

Mwaka 2014, minyaa ilipobakiza hatua moja kufika kaburi la Benedicto, Stumai aliacha kuitikia. Alikaza macho. Minyaa haikusogea wiki nzima. Akaitwa barazani.

"Mwenyekiti, minyaa inatembea."

"Mama, nani kabisha?" alisema mwenyekiti, Bazilio. "Mpaka ni pale mnyaa ulipo. Kesi yetu ni salamu. Unasalimiwa, unakodoa macho tu!"

"Hata mbwa wangu hutikisa mkia," Makarius alichombeza. Watu wakacheka.

Alitozwa mtungi wa pombe ya ndizi. Aliporudi nyumbani, kaburi lilikuwa upande wa Makarius.

Kesho yake Makarius hakuja. Sauti ilitoka ng'ambo ya minyaa, nzito, kama ya mtu mwenye udongo kooni.

"Mwakeye, mama Yusta."

Alikuwa Benedicto. Aliuliza watoto. Aliuliza maharage. Viganja vya Stumai vilikwisha kukutana vyenyewe kupiga makofi. Akavitenganisha, akachukua ganda jingine la maharage. Macho hayakushuka.

"Mama Yusta. Hata mimi?"

Minyaa haikusogea.