Mfuko wa Kiti cha Kumi na Mbili

Daktari wa Nairobi alikuwa mtu wa maneno machache, na yote aliyasema akiniangalia mimi, si mtoto.

"Kwa wiki mbili asilie kwa nguvu na asijisugue. Uzi niliomshonea ndani ya jicho ni mwembamba kuliko unywele. Ukiachia, sidhani kama jicho hili litakubali kushonwa tena."

"Na akianza kulia, dokta?"

"Mfanye asilie."

Rahisi kusema. Nikatoka nje nimemshika mkono Rachidi, mtoto wa dada yangu, miaka mitano, jicho la kulia limefunikwa na kikombe kidogo cha plastiki kilichobandikwa kwa utepe. Alizaliwa na mtoto wa jicho pande zote mbili. La kushoto linaona kama mtu anayetazama kupitia moshi. La kulia lilikuwa baya zaidi, ndiyo maana lilianza hilo. Asubuhi ya pili yake tulikuwa na ndege ya kurudi Bujumbura. Saa moja na nusu hewani. Nilikuwa naiogopa ile saa moja na nusu kuliko kisu cha daktari.

Nilikuwa na sababu. Wakati wa kwenda, mimi mwenyewe niliharibu.

Mimi ni Anwari wa Rumonge, mtaa wa Waswahili, nyuma ya soko. Pale kwetu hakuna arusi inayofungwa bila beti zangu, na hakuna mwalimu aliyenifundisha hata mizani moja. Nilihesabu mwenyewe kwa vidole mpaka vikazoea. Dada yangu Kadidja alipojifungua wiki mbili kabla ya safari, na mume wake Asmani akakataa kabisa kupanda kitu kisichoelea, nilisimama katikati ya ua nikasema: "Mimi nitampeleka. Mtoto mmoja, ndege moja, kuna shida gani?" Kadidja aliniangalia hivi, akafunga mzigo.

Kwetu pwani ya ziwa, mtoto akisumbua ndani ya mtumbwi kati ya Minago na Rumonge, unampa konzi ya ndagala kavu, wale dagaa wa ziwani. Zina chumvi, ngumu, zinatafunwa polepole. Mdomo ukishughulika, kelele hakuna. Basi nilibeba mfuko mzima. Ndege ilipopaa Rachidi akaanza kunung'unika, nami nikafungua mfuko kwa majivuno yote, kama mtu anayejua dawa.

Ndani ya mtumbwi kuna upepo. Ndani ya ndege hakuna. Harufu ilitembea kiti kwa kiti. Mzungu mmoja alifunika pua kwa gazeti, mama mmoja akauliza kwa sauti nani amekufa, na hotesi, yule binti anayehudumia abiria, akaja kuuchukua mfuko kwa vidole viwili. Rachidi alipoona ndagala zake zinaondoka alipiga ukelele ambao haukukatika mpaka Nairobi. Nilimshika mikono, nikamwambia nyamaza, akazidi. Kijana mmoja nyuma yetu akasema, "Watu wengine wangesafiri na mbuzi wenzao." Nikasimama kumjibu kwa ngumi, nikarudishwa kitini na mkanda niliokuwa nimesahau kuufungua.

Safari ile kelele zilikuwa aibu tu. Safari hii zingemla mtoto jicho.

Kwa hiyo Alhamisi niliingia ndegeni mnyenyekevu kama muumini aliyechelewa. Kiti cha kumi na mbili, safu ya kushoto. Dirishani alikaa mama mnene mwenye kitenge kizito na begi kubwa alilokataa kuliweka juu. Rachidi katikati. Mimi kwenye njia.

"Amahoro, mama," nikasema. "Mtoto amepasuliwa jicho. Akianza kusumbua, mutusamehe."

"Yoo, pole, kitoto." Alimwangalia Rachidi, akaniangalia mimi. "Mama yake iko wapi?"

"Rumonge. Mimi ni mjomba."

"Mjomba," akarudia, kama mtu anayesikia jina la dawa ambayo haijawahi kumponya mtu. Jina lake lilikuwa Agneta, alikuwa anarudi na bidhaa za saluni yake ya Bujumbura.

Tulipopaa nilianza na silaha yangu ya kwanza. Nilikuwa nimetunga usiku kucha, nikamsomea sikioni, kwa sauti ya chini:

*Ewe Rachidi tulia, ndege ni nyumba ya watu,*
*Wenzio wamesinzia, wavua hata viatu,*
*Anayetaka kulia, angoje afike kwetu,*
*Machozi yana mahali, si humu penye mawingu.*

Rachidi alisikiliza mpaka mwisho. "Jomba, wakivua viatu si miguu itanuka?"

"Hilo siyo jambo la shairi."

"Itanuka. Kama ndagala."

Mama Agneta alikohoa ndani ya kitenge. Nikasoma ubeti wa pili, akapiga miayo. Wa tatu, akasema, "Soma ingine." Sikuwa na ingine. Beti nilizozitunga usiku kucha zilikwisha kabla hatujafika mawinguni.

Nikajaribu kuhesabu vidole. Nikajaribu kitendawili. Nikamwonyesha dirisha, kwake lilikuwa weupe mtupu. Viti vitatu mbele yetu mtoto mchanga akaanza kulia, na unajua watoto, mmoja akifungua, mwingine anaona njia imekuwa wazi. Mdomo wa chini wa Rachidi ukatoka. Mkono wake wa kulia ukapanda taratibu kuelekea kwenye kikombe cha jicho.

"Usiguse!"

"Inawasha."

"Rachidi, usiguse, nakuomba."

Mkono ukashuka, lakini haukuwa na pa kwenda. Ukapapasa mkanda, ukapapasa meza iliyokunjwa, ukaingia kwenye ule mfuko wa wavu ulio nyuma ya kiti cha mbele, wanapoweka magazeti. Vidole vikasimama.

"Jomba. Wavu yao imetoboka."

Niliinama. Kweli, kona ya chini ilikuwa imepasuka, tundu la kupita ngumi.

"Imetoboka, ndiyo. Waachie wenyewe."

"Matundu saba," akasema. Alikuwa ameyahesabu kwa ncha za vidole, uso umeelekea kwangu. "Na hapa mtu alifunga fundo ya uongo. Baba angemupiga."

Hapo nikakumbuka kitu ambacho mtu mzima mwenye akili angekikumbuka kabla ya kutunga mashairi. Asmani anashona nyavu bandarini Rumonge, na mtoto asiyeona vizuri hakutumwa kucheza mpira. Amekulia kwenye mapaja ya baba yake, chini ya nyavu. Tangu ana miaka mitatu anashika, anavuta, anafunga. Hajawahi kuhitaji jicho kwa kazi ile. Na akiifanya, unaweza kumpita mara kumi usijue kama yuko.

"Ungeweza kuitengeneza?" nikauliza.

Alinicheka. "Sindano iko wapi? Uzi iko wapi?"

Sindano ya nyavu ni kipande cha mbao kilichochongwa, unazungushia uzi. Nilitazama huku na huku. Kwenye kahawa niliyoletewa kulikuwa na kijiti cha kukorogea, chembamba, cha mbao. Nikakilamba, nikakipasua ncha kwa kucha, nikampa. Akakipima kwa dole gumba.

"Kidogo. Lakini na wavu yao ni kidogo."

Uzi ndio sikuwa nao. Nikavuta ulioning'inia kwenye shati langu, ukakatika. Nikaanza kufungua kamba ya kiatu.

"Wewe mjomba, acha kuvua viatu, si mtoto amesema miguu itanuka?" Mama Agneta alikuwa amelifungua lile begi lake. Ndani mlikuwa na mafungu ya uzi mweusi wa kusukia nywele, ule mgumu, wa kung'aa. Alitoa fungu moja akalikata plastiki kwa meno. "Huu haukatiki. Wateja wangu wanalala nao miezi miwili."

"Mama, ni bidhaa yako."

"Mupe mutoto afanye kazi."

Rachidi alizungushia uzi kwenye kijiti, akainamisha kichwa, akaanza. Pitisha, zungusha, kaza. Pitisha, zungusha, kaza. Mdomo wake wa chini ulirudi ndani. Mtoto mchanga kule mbele aliendelea kulia, lakini Rachidi hakuwa tena ndani ya ndege. Alikuwa bandarini, kazini. Mimi nikaegemea kiti, nikapumua pumzi niliyokuwa nimeishikilia tangu Nairobi.

Sikuimaliza. Kiti cha mbele kilitikisika, na uso wa mwanaume mwenye tai ukachomoza juu.

"Nani anavuta kiti changu? Kila dakika, vu! vu! Nina kazi ya kusoma hapa."

Damu ilinipanda. Ulimi wangu ulishakuwa na jibu lenye vina, na vina vyenyewe vilikuwa vibaya. Lakini nilimwona Rachidi amesimamisha mikono, ameinua uso kusikiliza sauti ya hasira iko wapi, na kidevu kimeanza kutetemeka. Nikalimeza lile jibu. Lilikuwa chungu kuliko kwinini.

"Nisamehe, mukubwa. Mutoto anashona mfuko wa kiti chako. Amepasuliwa jicho, hapaswi kulia."

Yule bwana akachungulia chini. Aliangalia kijiti, uzi, kikombe cha plastiki. Hakutabasamu.

"Basi avute polepole," akasema, akarudi kusoma.

"Umesikia?" nikamwambia Rachidi. "Huyu siyo samaki. Kaza polepole."

"Sawa. Kama wavu mpya," akasema, na kutoka hapo kiti hakikutikisika tena.

Hotesi alipopita tena na toroli alisimama. "Jamani, mnafanyaje kwenye mfuko wetu?"

Nilifungua mdomo, lakini Mama Agneta alishatangulia. "Binti yangu, anawashonea bure na wewe unauliza? Shika hapo uone."

Binti akainama, akavuta lile fundo, akavuta tena. Akatazama mbele, akatazama nyuma, akasema kwa sauti ya siri, "Cha kumi na nne nacho kimetoboka." Kisha akampa Rachidi vijiti vitatu vipya akaenda zake.

Nusu saa, labda zaidi. Matundu sita yalikuwa yamefungwa. Ndipo ndege ikaanza kushuka.

Nilijua kabla hajasema. Alikiacha kijiti, mabega yakapanda mpaka masikioni. "Jomba, ndani ya sikio kuna kitu." Mikono yote miwili ikaenda kichwani, na wa kulia ukateleza kuelekea utepe. Nikaudaka. Ndilo kosa lilelile la wakati wa kwenda: mtoto ukimfunga mikono anajua jambo baya limefika. Akavuta pumzi ndefu, ile ya kuandaa ukelele, kifua kikajaa.

Nikamwachia. Kumwachia mtoto mikono saa ile, huku ziwa linapanda dirishani, ni jambo gumu kuliko yote niliyowahi kufanya. Nikauweka ule uzi kwenye kiganja chake.

"Bado tundu moja," nikasema. "Lakini kwanza nikatie huu. Ni mrefu sana."

Pumzi ilibaki imesimama. "Mukasi iko wapi?"

"Mkasi! Wewe ni fundi au mshonaji wa magauni? Baba yako anakatia nini?"

Akatoa pumzi, bila kelele. Akautia uzi kwenye meno. Ule uzi, kama alivyosema mwenyewe mwenye mali, haukatiki. Akatafuna upande wa kulia, akahamishia kushoto, taya linakwenda kama mbuzi, anameza mate, anatafuna. Mama Agneta alikuwa amenishika mkono juu ya kichwa cha Rachidi, amenibana kweli, na wala hatukuwa tunajuana. Ndege ilizunguka juu ya maji, ikajipanga, ikashuka tena.

"Jomba!" Rachidi alitema uzi. "Sikio imefanya *paa!*"

"Imefunguka?"

"Imefunguka. Na uzi umekatika."

Magurudumu yakagusa ardhi wakati anafunga fundo la saba. Yule bwana wa mbele aliposimama kuchukua begi lake, alipitisha kidole kwenye mfuko, pale kwenye uzi mweusi. "Kazi safi," akasema, si kwangu, kwa Rachidi, akatoka. Mama Agneta alinikabidhi mafungu mawili ya uzi. "Ya barabarani. Mpaka Rumonge ni mbali, na barabara yenyewe siyo nzuri." Nikamwambia murakoze, asante ya kwetu, mara tatu, na sikupata kina cha kuongeza.

Jumamosi tulikuwa kwenye kituo cha afya cha Rumonge: Rachidi, Kadidja na kichanga chake mgongoni, Asmani amesimama mlangoni asijue mikono aiweke wapi, na mimi. Muuguzi Revokatus alibandua utepe milimita kwa milimita. Akawasha taa yake ndogo. Alichungulia kwa muda ambao ningeweza kutunga utenzi.

"Alilia ndegeni?" akauliza bila kugeuka.

"Hakulia."

"Alijisugua?"

"Hakujisugua."

"Ndiyo, inaonekana." Akazima taa. "Uzi uko mahali pake. Jicho safi kabisa."

Kadidja alikaa chini palepale sakafuni, kichanga na vyote. Rachidi alisogea kwake akipepesa jicho jipya, akamshika mashavu, akamvuta uso karibu, akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Mama," akasema, "una kovu hapa." Akaweka kidole juu ya nyusi. "Nani alikupiga?"

"Hakuna aliyenipiga. Nilianguka nikiwa mudogo kama wewe." Alikuwa anacheka na kulia pamoja, yeye aliruhusiwa. "Hujawahi kuliona?"

"Hapana. Na baba iko na mvi!"

Asmani akavua kofia, akajishika kichwa, akasema mvi hizo ni za wiki hii.

Mimi nilitoka nje kimya kimya. Chini ya ukuta palikuwa na benchi la wagonjwa, na upepo wa ziwa ulikuwa unafika pale. Nilikaa nikafumba macho nipumzike kidogo tu. Mtu alinitikisa bega baadaye, jua limeshahama upande. Alikuwa Revokatus, ameshika daftari lake, ananiuliza kwa utani kama mimi ndiye mgonjwa anayefuata.