Mausi ya Mkono wa Kushoto

...na tangu siku hiyo, alimalizia Polikarp, kila nikiisukuma mausi mezani kwangu jogoo wa jirani aliyekimeza kidude chake anageuza shingo, nikiisukuma kushoto anatazama Kaoze, nikiisukuma kulia anatazama Kasesya, nikibofya mara mbili anawika mchana kweupe, mtani, kile kidude kinafanya kazi tumboni mwake kuliko kilivyofanya kwenye kompyuta... akaishia hapo, akaacha nafasi ya kicheko, mausi mbili zisizo na waya mikononi, moja kila mkono, na kicheko hakikuja. Shigela, mwenye duka, aliendelea kutundika chaja kwenye misumari ya ukutani, zile ambazo zilikwisha kutundikwa, kisha akasema bila kugeuka, "Pole sana, kaka. Wewe chagua taratibu." Kaka... kaka gani tena, Polikarp hajawahi kuwa kaka ndani ya duka hili, amekuwa mchawi, amekuwa fundi wa radi, amekuwa dereva wa ungo usio na breki, tangu Shigela alipopanda kutoka bondeni na kuwaacha ng'ombe wa baba yake huko chini, akafungua kibanda hapa Majengo wakati kila mwenye kibanda alikuwa ameanza kuuza kitu cha Dubai, na Polikarp akawa mtu wa kwanza kuingia na kumuuliza hizi simu unazikamua asubuhi au jioni, basi utani ukafungwa kama ndoa, Mfipa na Msukuma, hakuna aliyewahi kumpa mwenzake neno la heshima, haya, leo kaka, na pole juu yake, kama mtu aliyefiwa. Na hata kufiwa kwenyewe... mama yake Polikarp alipolala, si huyuhuyu Shigela aliyejinyoosha kizingitini akaziba mlango, jeneza halitoki, huyu bibi hajafa, anawategea tu, nipeni kuku kwanza, na waombolezaji wakacheka na kamasi zao, na mfiwa akacheka kuliko wote, ndiyo kazi ya mtani, sasa kama msibani alitania, leo kuna kitu gani kinachouzidi msiba?

Aache kufikiri, atazame mausi zilizo mikononi. Hii ya mkono wa kulia ni nyeusi, imekatwa kiuno, ina kibonde cha kuegesha kidole gumba ubavuni na inatelemka upande mmoja kama paa la banda, ukiishika imekaa, lakini ni kwa kiganja cha kulia tu, mtu wa shoto akiishika kibonde kinamwendea kidole cha mwisho na gumba linaelea hewani. Hii ya kijivu ni bapa, kama kipande cha sabuni kilichotumika nusu, haipendelei mkono wowote, na haina uzuri wowote. Na Rosina, mkewe, ni shoto. Bibi yake kule Kaoze alimfunga ule mkono utotoni kwa kipande cha kanga mpaka akajua kula na kusalimia kwa kulia, lakini kazi zote zilibaki kushoto, jembe, sindano, kalamu, na mausi ilipoingia nyumbani ikaenda kushoto vilevile, na kila alipompa mteja wa steshenari yao karatasi yake alisema samahani kwa mkono huu, mteja baada ya mteja, samahani kwa mkono huu... kwa hiyo akinunua nyeusi amesema mke wangu harudi, amelisema mbele ya Shigela na mbele ya ile meza ya Rosina ya dirishani kule nyumbani, na akinunua ya kijivu amesema anarudi, na tangu mahindi yalipokuwa mabichi mpaka sasa yanapukuchuliwa nani bado anasema anarudi isipokuwa yeye.

Na wala hakuja kununua mausi, Mungu ni shahidi, alikuja kutafuta kidude tu, kile kijipande kidogo kuliko ukucha kinachochomekwa kwenye kompyuta ili kisikie mausi inasema nini, mausi yenyewe nzima, ukiigeuza taa yake nyekundu inawaka tumboni, unaisukuma inakwenda, unabofya inalia, lakini mshale kwenye kioo cha kompyuta iliyobaki nyumbani umelala palepale, hakuna anayesikia. "Hakiuzwi peke yake," Shigela alimwambia alipoingia tu, "kila kimoja kimezaliwa na mausi yake, kikipotea kimoja cha pili ni cha kuchezea watoto," na kimepoteaje, akauliza, na swali likiulizwa Polikarp ana jibu siku zote, jogoo, jogoo wa jirani kakidonoa, na jogoo mwenyewe alizaliwa hapohapo kwenye ulimi, na mkia, na upanga. Kidude hakijaliwa na jogoo. Kidude kiliondoka kikiwa kimechomekwa ubavuni mwa ile laptopu ndogo, na laptopu iliondoka ikiwa ndani ya mkoba wa Rosina, na mkoba ulipanda gari la Kasesya asubuhi ya mvua, naenda kwa shangazi kule Mbala, ng'ambo ya mpaka, anaumwa, ugali wa ulezi uko kwenye chungu, migebuka umalizie wewe... na Polikarp yuko barazani anawasimulia watu waliokuja kuchapisha kadi za harusi jinsi alivyoifundisha kompyuta Kifipa mpaka akija Mnyika asiyekijua inanuna, akapunga mkono tu, hakukatiza hadithi, maana hadithi ilikuwa imefika pazuri.

"Shikamoo baba," sauti mlangoni, Justina wa kwaya, amejifunika kitenge mpaka masikioni, upepo wa Ufipa mwezi huu haumwoni mtu usoni, "Shigela nipe vocha, ya kukwangua. Baba, na mama yetu Rosina hajarudi tu? Sauti ya tatu imebaki mimi na vibibi viwili, padri anadhani tunakohoa." "Marahaba. Mwezi ujao," Polikarp akasema, "shangazi ameanza kukaa mwenyewe, ameshikwa tu na uvivu wa kupona." "Mpe salamu, mwambie tunaaibika." "Nitampa"... kwa njia ipi, namba ile inaita mpaka inachoka, halafu yule dada wa kwenye simu anakuambia kwa adabu, hata yeye ana adabu siku hizi, dunia nzima imeshikwa na adabu. Justina akatoka akikwangua vocha kwa ukucha, na Shigela akarudi kwenye chaja zake, na hapo palikuwa na mwanya wa kupitisha ng'ombe mzima, shangazi amepona Mfipa alipoacha kumloga, kitu kama hicho, Polikarp mwenyewe angeweza kumwandikia, akamtazama mgongo mtani wake akimwomba ndani kwa ndani, nitukane, we mchunga ndama, nitukane kidogo tu, tangu asubuhi sijasemeshwa na mtu isipokuwa kuulizwa kutoa kopi ni kiasi gani.

"Kaka," Shigela akasema, na sasa akageuka, "juzi nilikuwa Kasesya." Kasesya ni kukubwa... siyo kukubwa, ni geti la mpakani na malori na bodaboda, lakini mtu anaweza kwenda Kasesya asione kitu, Polikarp anamfahamu mtu aliyekwenda Kasesya akarudi ameona mbuzi tu, aliwahi kuisimulia hiyo, mbuzi mwenye hati ya kusafiria... "nilipeleka mzigo wa betri, nikakaa kungoja gari, pale madereva wanapopanga foleni"... hata umeme wa Sumbawanga unatokea huko huko upande wa Mbala, ukikatika huko huku tunapapasa, kila kinachowaka mjini hapa kinatoka alikokwenda Rosina, hilo nalo angelisimulia vizuri lingekuwa la mtu mwingine... "shemeji nimemwona. Anakusalimia." Anakusalimia. Salamu si jambo baya, watu husalimiana, "hajambo?" akauliza, na akajisikia anauliza kama anavyouliza mgeni, "hajambo, amenenepa kidogo. Ana chumba chake pale, anawajazia madereva karatasi za forodha, ameandika na bango." Bango linasemaje, hakutaka kuuliza, akauliza. "Rosina Steshenari," akasema Shigela. "Basi. Hakuna kingine."

Hakuna kingine... hakuna 'na Mume', hakuna 'Tawi la Sumbawanga', na yeye alishaanza kutunga tawi, alikuwa amefika kwenye tawi, jamani tumepanua biashara, nimemweka mama mpakani. "Peke yake?" "Peke yake. Nilikaa muda mrefu, kaka. Peke yake." Afadhali kungekuwa na mwanamume. Mwanamume unamsimulia, unampa pua kubwa, unampa miguu ya korongo, unamfanya anakoroma mpaka forodha wanafungua geti, lakini mwanamke aliyeketi peke yake na kazi yake, ametosheka, utamsimulia nini... wewe unaongea na kila anayesimama mlangoni, Rosina alimwambia siku moja wakifunga madirisha, na yeye aliichukua kuwa sifa, akaenda akairudia kwa wateja, mke wangu anasema mimi naongea na kila mtu. "Na laptopu," Shigela akaongeza, macho kwenye kaunta, "ile laptopu bado ina kile kidude ubavuni. Yeye ana mausi ya waya. Kidude kipo tu." Kwa hiyo alijua. Jogoo alipokuwa anageuza shingo, Shigela alijua, akamwachia amalize mpaka kuwika. Na kidude kipo tu, hajakichomoa, kinangoja kusikia kitu kilicho safari nzima mbali, kwa nini hajakichomoa, labda... labda hajakiona, ni kidogo, kinakaa hapo pasipomsumbua, mtu hachomoi kisichomsumbua, labda ni hivyo tu, na hili la pili ndilo lililokuwa na uzito wa kweli mkononi.

"Ngoja ujaribu hii ya kijivu," Shigela akasema, akatia betri, akachomeka kidude chake kipya kwenye kompyuta ya duka, akaiweka mausi juu ya kaunta katikati, mahali pa mtu yeyote. Polikarp akaiweka chini ile nyeusi, akaivuta ya kijivu upande wa kushoto wa kibodi, mkono wa kushoto ukaikalia, kidole cha shahada kikabonyeza kama kilivyozoea, na badala ya kufungua kitu kompyuta ikamtolea orodha ndefu ya maneno, akabonyeza tena, orodha tena. "Vifungo vimegeuka," akasema, "hii mbovu." "Siyo mbovu," Shigela akasema kwa sauti ya chini, "kaka, unatumia mkono wa kushoto." Akautazama. Kweli ulikuwa wa kushoto, wake yeye mwenyewe, wenye kovu la pindo la bati la ghala la ushirika, kabla wanunuzi wa mahindi hawajaja na malori yao na kuwaachia popo ghala, mkono ambao haujawahi kushika jembe wala kalamu wala kumsalimia mtu, na ndio aliojifunzia, maana mausi ilikuwa kushoto alipoikuta, vifungo Rosina alishavigeuza, naye akakaa kwenye kiti cha Rosina na kuweka mkono palepale, akadhani ndivyo mashine zilivyo, na amewafundisha hivyo watu wengi, nusu ya makarani wa mji huu amewaambia mausi ni ya kushoto, kwa majivuno yote ya darasa la saba, na hakuna siku Rosina alimsahihisha, alikuwa anatazama tu na kutabasamu kidogo huku anabana karatasi, alipenda labda, mtu mmoja katika nyumba anayekwenda upande wake... akaujaribu wa kulia. Mshale ukayumba kama mlevi wa ulezi, ukapita nje ya kila kitu. Akaurudisha wa kushoto, ukatulia, ukaenda alikotaka.

Shigela aliona yote. Hapo ndipo mtani mwingine yeyote angefunga duka na kuita Majengo nzima, njooni mwone Mfipa aliyegeuzwa mkono na mkewe, na Shigela alisimama tu, mikono juu ya kaunta, macho ya huruma, yale macho. "Basi nikufungie hii," akasema polepole kama anayemshusha mgonjwa kitandani, "ikae, ya shemeji." Na hadithi ikaja, ilikuja yenyewe kama zinavyokuja, radi ilimpiga bega la kulia akivuka mto, nguvu zote zikahamia kushoto, ilikuwa nzuri, ilikuwa na mto na samaki waliokaangika ndani ya maji, akafungua mdomo, ikasimama mlangoni, akaitazama ikirudi. Nje bodaboda ilipita, ikaacha vumbi lake jekundu likiingia taratibu. Mkono wa kushoto ulikuwa bado juu ya mausi, umeizoea tayari. "Hapana," Polikarp akasema. "Hii ni ya kwangu. Yeye anayo yake."