Kulifukuza Lori la Taka

Kwetu, mjini Chiayi, lori la taka hupita saa kumi na moja jioni likipiga muziki, na kila nyumba humwaga watu wake barabarani na mifuko mkononi. Mimi muziki huo niliusikilizia nyuma ya pazia kwa miaka minne. Niliacha shule darasa la sita. Kwanza niliogopa darasa, halafu barabara, mwishowe hata ngazi za nyumba yetu.

Nesi Kuo wa kituo cha afya ya akili cha mtaani alikuja kila Jumanne. Mwanzoni alikaa nje akaongea na mlango. Nilipoufungua, tukaanza ngazi: wiki hii tatu, wiki ijayo tano. Hakuniharakisha hata siku moja.

"Ukilifikia lori peke yako," aliniambia, "Jumatatu unaanza jikoni kituoni, unakunja sambusa za mvuke na wenzako."

"Watu wataniangalia, dada."

"Saa ya lori? Mdogo wangu, saa hiyo hata mwizi akipita, kila mtu anaangalia mfuko wake."

Jumamosi nikaamua. Bibi alijifanya anatazama runinga, nayo ilikuwa imezimwa.

Muziki ukaanza. Nikashuka. Ngazi ya kumi miguu ikagoma. Nikavuta pumzi nikihesabu hadi nne, nikaitoa nikihesabu hadi sita, kama Nesi alivyonifundisha, mara moja, mara mbili, mara nyingi. Nilipotokeza mlangoni, lori lilikuwa linakata kona.

Ningeweza kurudi juu. Lakini mfuko ulikuwa na vichwa vya samaki vya siku tatu, na Jumapili lori halipiti.

Nikakimbia, na ndala za ndani miguuni.

"We dereva, simama!" alipaza sauti Mzee Tseng, fundi baiskeli wa chini yetu. "Kuna binti huku!"

"Mjukuu wa nani huyo?" mama mmoja akauliza.

"Simjui, ila mbio anazo!" mwenzake akajibu.

"Kaza mwendo, mwanangu, linakuacha!"

Mtaa mzima uliniangalia. Lile nililoliogopa miaka yote ndilo hilo, limetokea, na mimi sina hata nafasi ya kuogopa kwa sababu mfuko ulianza kuvuja. Kona ya tatu, mpakiaji akainama nyuma ya lori.

"Rusha!"

Nikarusha. Ukaingia. Watu wakapiga makofi kama nimefunga goli.

Lori likaenda zake. Nikatazama huku na huku: mtaa huo sikuujua. Nikamsogelea mama muuza wali wa bata mzinga.

"Shangazi, samahani..."

"Toa sauti! Mimi nauza bata, sili watu."

Nikatoa sauti. Nikamtajia mtaa wetu.

"Si huo hapo nyuma, kona tatu? Kwani wewe umetoka wapi, hujui hata kwenu?"

"Nimetoka ndani," nikamjibu.

Akacheka hadi akaweka mwiko chini, akidhani nimemtania. Nami nikacheka, kicheko cha kweli, mpaka tumbo likauma. Halafu nikatoa simu mfukoni, mikono ikinuka samaki.

"Dada Kuo," nilisema alipopokea, "hiyo Jumatatu nije saa ngapi?"

Alipiga kigelegele hadi shangazi wa bata mzinga akaniuliza kwetu anaolewa nani.