Matundu Matano Yasiyo na Babu

Maji yalikuwa yanakatika, na hakuna aliyekubali kushuka. Mfereji ulipita chini ya ardhi, na mchanga ulikuwa ukiporomoka humo bila wa kuuzoa tangu serikali kule Algiers ipige marufuku kazi ya fungu la tano: mwenye maji kuchukua mafungu manne ya mavuno, mfanyakazi moja. Wachimbaji wakawa huru, na njaa.

"Shuka, Barka," alisema Mulay Taher, mwenye mfereji. "Nitakupa fungu lako kama zamani. Nani atajua?"

"Mimi nitajua, Sidi."

"Umekuwa waziri siku hizi?"

"Mawaziri hawajui kuchimba. Ndiyo maana umekuja kwangu."

Salem, shemeji yake Barka, alicheka hadi akakohoa.

Barka alikuwa amechimba humo miaka thelathini, kwa magoti, akijua kwa harufu ya udongo ni wapi dari litaanguka. Baba yake alichimba humohumo. Hakuna kati yao aliyewahi kumiliki hata tone. Sasa alitaka maji yenye jina lake, na bustani ya kuyamwaga. Akamgeukia Ba Allal, mpimaji maji wa kijiji.

"Ba Allal, desturi inasemaje? Maji yakiongezeka, nyongeza ni ya nani?"

"Ya aliyechimba. Kwa nini unaniuliza unachokijua?"

"Mbona sikuwahi kuipata?"

"Ulikuwa mtu wa Mulay Taher. Mkono wako ulikuwa wake, na nyongeza ikawa yake."

"Na leo mkono huu ni wa nani?"

Mulay Taher aliutazama mkondo uliokuwa ukipungua, akampisha Ba Allal.

"Pima," Barka akasema. "Pima kabla sijashuka, watu wote waone."

Ba Allal akaikita sahani yake ya shaba, yenye matundu, katikati ya mkondo. Akayaziba matundu kwa udongo, moja baada ya jingine, hadi maji yakatulia ukingoni, hayapandi wala hayashuki. Akahesabu yaliyobaki wazi, kila tundu kipimo kimoja cha maji. Kumi na moja.

Wakashuka. Barka alitangulia na sururu, Salem nyuma yake akijaza vikapu, wake zao juu wakivuta kamba. Siku ya kumi na nne dari lilitoa mlio.

"Toka!" Barka alipiga kelele. "Acha hicho kikapu!"

"Kimeshajaa, bwana!" Salem akajibu, akageuka kukichukua.

Walimfukua jioni, yu hai, anatukana. Kesho yake Barka alishuka peke yake. Maji yalikuwa nyuma ya kile kifusi. Alikuwa ameyasikia.

Siku ya kumi na tisa sahani ilirudishwa mkondoni. Ba Allal alibandua udongo kwa kucha, polepole, kijiji kizima kimemzunguka. Kumi na sita.

"Mfereji huu ni wa babu yangu," alisema Mulay Taher.

"Kumi na moja ni ya babu yako," Ba Allal akamjibu bila kuinua macho. "Haya matano hayana babu."

Barka alichukua matatu, Salem mawili. Yaligharimu siku kumi na tisa, kamba tatu, bangili za fedha za mke wa Barka zilizomlipa daktari wa mjini Timimoun, na mguu wa kulia wa Salem, kuanzia gotini kwenda chini.