Mkono Wenye Harufu ya Leleshwa

Wewe wa meza ya tatu, uliyekaa karibu na dirisha, usiniambie hukuona. Mwaka wa tisini na mbili, nyumba za majirani zilipochomwa wakati wa uchaguzi, ulitazama pembeni. Tisini na saba ukatazama pembeni tena. Na Jumapili hii ya Februari elfu mbili na nane, hapa Kikopey kwenye nyama choma, umerudi mezani ukauliza kama kachumbari ina pilipili.

Nabalayo alikuwa nyuma ya jiko akiosha matumbo. Tangu nyumba yake ichomwe na kondoo wake waibwe kule Molo mwezi uliopita, analala kwenye hema la msaada na mchana anaosha matumbo ya kondoo wa wengine. Lori lilikuwa limetoka kushusha kondoo thelathini zizini. Akainua macho, mikono ikasimama majini. Karibu kondoo wote walikuwa wamekatwa masikio, vidonda vibichi, ili alama za wenyewe zisionekane. Lakini aliyelisha mnyama kwa kiganja miaka miwili hatafuti sikio.

"Tisa kati ya hizo ni zangu," akamwambia Micah, mwenye bucha.

Micah alikuwa akinoa kisu. "Zimeandikwa Nabalayo wapi, mathe? Kwa mkia?"

Wapishi wakacheka. Askari aliyekuwa akingojea mbavu zake akacheka pia. Nyinyi wateja mkasikia kicheko, mkaja mlangoni na mifupa mkononi.

Nabalayo hakubishana. Akatoa kifuani kichupa cha kahawia, kitu pekee alichotoka nacho motoni. Yalikuwa mafuta ya majani ya leleshwa, kichaka hicho hicho kinachokwaruza magari yenu kando ya barabara. Makali, yanapanda puani kama kafuri. Alipewa na Harpreet, mwenye duka la dawa za mifugo Nakuru mjini, kondoo wake walipokuwa wakifura matumbo. "Matone machache tu kwa pumba, mama," Harpreet alimwambia. "Lakini watakataa. Wewe usikasirike." Walikataa kweli. Wiki tatu alipiga magoti kwenye umande, tone moja, kisha mawili, akingoja kila kondoo amalize kupiga chafya. Mwishowe wakawa wakisikia harufu ile wanataka kuangusha mlango.

Sasa akapaka kiganja, akachota pumba, akapitisha mkono kati ya mbao za lango la zizi.

Kondoo wa kwanza alinusa, akakoroma, akarudi nyuma. Wa pili hivyo hivyo. Kundi likasukumana kuukimbia mkono. Kisha, kutoka kona ya mbali, jike mwenye doa jeusi shavuni akapenya katikati ya miili. Nyuma yake mwingine. Mwingine. Tisa wote, wakabanana langoni, wakilamba kiganja mpaka kwenye kifundo cha mkono.

Wapishi wakaacha kazi. Hata kisu cha Micah kikasimama.

"Nimeona," askari akasema polepole. "Lakini mimi ndiye wa kuandika, siwezi pia kuwa shahidi. Na kondoo haitoi ushahidi. Lete mtu mmoja aliyeona, aje kituoni aandikishe. Mmoja tu, mathe. Nitakuja kuzizuia mimi mwenyewe."

Nabalayo akageuka mlangoni. "Nani atakuja na mimi?"

Mmoja akatazama saa. Mwingine akasema, "Wacha tu, mathe, hii nchi imechoka." Wewe ukarudi meza ya tatu.

Micah ndiye aliyeelewa kwanza. Waliposhushwa walikuwa thelathini, wamechanganyika, na hata yeye asingejua yupi ni wa nani. Sasa mama huyu, kwa mkono wake mwenyewe, alikuwa amemtengea tisa, langoni pa kuchinjia.

"Asante kwa kunichagulia," akasema, karibu kwa upole. "Tunaanza na hizi. Mpaka upate shahidi zitakuwa supu."

Nabalayo akavuta mkono. Akaufuta kwa leso, akausugua kwa vumbi, akautumbukiza kwenye maji ya matumbo. Hawakutawanyika. Wamebaki pale pale, wamebanana, wakinusa mbao alizokuwa amezigusa.

Kisu kimeanza kunolewa tena. Askari ameletewa mbavu zake, anakula; bado hajaondoka. Jike mwenye doa ameegemeza pua yake kwenye ufa wa mbao, anangoja.

Weka huo mfupa chini. Inuka.